RAM Isiyotulia: Kuisaka Kasoro ya Kompyuta Mpya Ukiwa Lamu

Kijana wa Nairobi aliyeunda kompyuta yake mwenyewe, ikaanza kumsumbua, hana safari ndefu. Anashuka Luthuli Avenue asubuhi na kijiti cha RAM mkobani, anabadilishiwa, na kabla ya magharibi mashine imesimama tena. Aliyeko Langoni, Matondoni au Faza hana njia hiyo ya mkato. Kijiti chake huvuka kwa boti hadi Mokowe, kikapanda basi la Mombasa kupitia Witu, Garsen na Malindi, pengine kikaunganisha hadi Nairobi, kikakaa dukani kikingoja zamu ya fundi, kisha kikarudi kwa njia ile ile. Na lililo baya zaidi ni jibu linaloweza kurudi nacho: "Tumekipima, hakina shida." Hapo umelipia nauli ya kijiti kizima, na kasoro haijatoka nyumbani kwako.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida, ule wa "jaribu kijiti kingine", haumfai sana mtu wa visiwani. Huku kijiti kingine hakipo. Kilichopo ni muda, flashi moja na subira, na kwa vitu hivyo vitatu kasoro nyingi za RAM hujulikana bila mtu kutoka nyumbani. Sharti ni moja: usinunue wala usitume kitu kabla hujajua kwa ushahidi kwamba hicho ndicho kibovu. Na nikwambie mapema, katika mashine mpya mara nyingi kibovu si kijiti.

Tuanze na dalili, maana RAM husingiziwa mengi. Mashine ikizimika ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya, bila skrini ya buluu wala ujumbe wowote, tazama kwanza umeme, pawa saplai na joto la prosesa. RAM isiyotulia ina tabia nyingine. Leo inakuletea skrini ya buluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kurasa za kivinjari zinakufa moja moja. Windows inagoma katikati ya kuwekwa, ukirudia inagoma mahali pengine. Faili la zip ulilolishusha usiku kucha linakataa kufunguka, ukilishusha upya linafunguka. Video ya harusi unayoihariri inakwama kwenye dakika ya saba, ukirudia inakwama ya ishirini. Alama kuu ni huko kuhamahama. Kosa linalotokea mahali pale pale kila mara, katika programu ile ile, lina uwezekano mkubwa wa kuwa la programu. Kosa lisilo na makao mara nyingi ni la chuma, yaani vifaa vyenyewe.

Chukua daftari. Sisemi hivyo kwa mzaha: andika saa, ulichokuwa ukifanya, maneno yaliyotokea, na kama stima ilikuwa ya kawaida au ya jenereta. Baada ya siku chache utaona jambo ambalo kumbukumbu yako peke yake isingeliona.

Kuna kosa jingine la kuhukumu mapema ambalo limewagharimu wengi wenye bodi za DDR5. Mashine mpya ikiwashwa kwa mara ya kwanza, ubao mama huanza kujifunza vijiti vyake: unajaribu muda na volti za kila njia mpaka upate mpangilio unaokubalika. Kwenye bodi za AMD za soketi ya AM5, kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na muda wote huo skrini ni nyeusi. Feni zinazunguka, kitaa kidogo cha manjano kilichoandikwa DRAM kimewaka kwenye ukingo wa ubao, na hakuna kingine. Nimeketi na kijana mmoja wa Mkomani mbele ya hali hiyo hiyo, kidole chake kikikielekea kitufe cha kuzimia.

"Ami, imekufa hii."

"Haijafa. Iache."

"Lakini kitaa hiki kinasema RAM."

"Kinasema inashughulika na RAM. Kunywa kahawa yako."

Aliinywa, akaongeza kikombe, na skrini ikawaka. Angezima angelazimika kuanza upya kila mara, na jioni ile angekuwa ameshachomoa vijiti viwili vizima na kuwapigia simu watu wa dukani. Ipe robo saa nzima kabla ya kuitangazia msiba. Na kila utakapobadilisha mpangilio wa RAM au kuondoa betri ya ubao, tarajia subira hiyo tena.

Sasa tuje kwenye mshukiwa wa kwanza, ambaye ni namba iliyoandikwa kwenye boksi. Umenunua RAM ya DDR5 iliyoandikwa 6000. Namba hiyo si kasi ya kawaida ya kijiti. DDR5 ilianza na kasi ya kawaida ya 4800 kwa volti 1.1. Ile ya 6000 ni kasi ya kusukuma, na ili kuifikia kijiti huongezewa volti, mara nyingi 1.35 au zaidi. Kwa DDR4 hadithi ni ile ile: volti ya kawaida ni 1.2, na vijiti vingi vya 3600 huitaka 1.35. Mpangilio huo wa kusukuma umehifadhiwa ndani ya kijiti, nawe unauwasha kwa kubofya mara moja kwenye BIOS. Kwa Intel unaitwa XMP, na umekuwako tangu 2007. AMD walileta wao, EXPO, mwaka 2022 pamoja na prosesa za Ryzen 7000. Kwa kuwa ni kubofya tu, watu hudhani ni haki yao. Si haki. Mtengenezaji wa kijiti amekihakikisha kijiti chake, lakini hakuihakikisha prosesa yako, na ndani ya prosesa ndimo kilimo kidhibiti cha RAM.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya bisibisi, ni kuingia BIOS na kuzima XMP au EXPO. Acha mashine iende kwa kasi yake ya kawaida siku mbili tatu. Ikitulia, umeshapata jibu: vijiti ni vizima kwa kasi ya kawaida, ila mkusanyiko huu wa prosesa, ubao na vijiti hauwezi kasi ile ya boksi. Hapo una hiari. Unaweza kushusha kutoka 6000 hadi 5600 na kupima tena, au kubaki na ya kawaida. Mtu anayeandika barua, anayechapisha risiti za dukani au anayehariri picha za watalii wa Shela hataiona tofauti kwa jicho. Anayecheza gemu nzito ataiona kidogo. Mimi binafsi, nikipewa nichague kati ya kasi na kulala usingizi, sisiti.

Vijiti vinne ni mtego wa namna yake. Bodi ina sloti nne, nawe unaona vibaya kuacha mbili tupu. Lakini AMD wenyewe waliitangaza Ryzen 7000 kwa kasi ya 5200 ukiwa na vijiti viwili, na 3600 tu ukiwa na vinne. Anayejaza sloti zote kisha akawasha EXPO ya 6000 amejitafutia. Ukitaka GB 64, nunua vijiti viwili vya 32 vilivyofungwa pamoja kwenye pakiti moja. Viwili vilivyonunuliwa kwa nyakati mbili, hata vikiwa na jina na namba ile ile, vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, na hapo ugomvi huanza.

Kama kuzima profaili hiyo ya XMP au EXPO hakukusaidia, sasa pima. Programu ya kutumia ni Memtest86+, ambayo ni ya bure. Iweke kwenye flashi ukitumia kompyuta nyingine, chomeka, washa mashine ukianzia kwenye flashi hiyo. Ikikataa kuanza, zima Secure Boot kwenye BIOS kwa muda. Haihitaji Windows wala intaneti, na hilo ni jambo kubwa pale mtandao wa Pate unapokuwa kwenye hali zake. Iache ipite RAM yote mara nne. Kwa GB 32 kila mzunguko unaweza kula saa moja au zaidi, kwa hiyo ianze baada ya isha na uitazame alfajiri.

Jinsi ya kusoma matokeo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kosa moja ni kosa. Hakuna "kosa moja tu". Hakuna kiwango cha makosa kinachovumilika. Ikitokea mistari myekundu, hata mmoja, piga picha ya skrini kwa simu, na usiendelee kuitumia mashine hiyo kwa kazi ya maana. Kipimo kilichomo ndani ya Windows, ambacho hufunguliwa kwa kuandika mdsched, ni chepesi zaidi. Kikikuta kosa kiamini, kisipokuta usikiamini.

Memtest86+ ikipita bila doa na bado mashine inaanguka ukiwa Windows, ongeza Prime95 na uchague kipimo cha Blend, kiende saa kadhaa. Memtest86+ haiipi prosesa joto wala mzigo wa kazi halisi, na kuna makosa ambayo hutokea tu pale kila kitu kinapofanya kazi kwa pamoja.

Makosa yakionekana, ndipo bisibisi inapofaa. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki umalizike, gusa chuma cha kasha, halafu toa kijiti kimoja. Bodi nyingi hutaka kijiti kimoja kikae sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, iliyoandikwa A2, na viwili vikae A2 na B2. Kosa la kuviweka A1 na B1 ni la kawaida mno, na peke yake linaweza kuleta kasoro nilizotaja. Tazama maandishi madogo kwenye ubao wenyewe.

Kisha fuata utaratibu huu na usiuruke. Pima kijiti cha kwanza peke yake katika A2. Kitoe, pima cha pili peke yake katika A2 hiyo hiyo. Kimoja kikileta makosa na mwenzake akapita, umempata mwizi, ila mthibitishe kwa kumpima katika B2 pia. Vyote viwili vikileta makosa A2 lakini vikapita B2, vijiti havina hatia, na kesi ni ya sloti, ubao au soketi ya prosesa. Vyote vikipita kila kimoja peke yake, lakini vikaleta makosa vikiwa pamoja, rudi kwenye kasi na volti, au fikiria kwamba havipatani. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila kipimo. Ukibadilisha sloti na BIOS na kasi kwa wakati mmoja, mashine ikatulia, hutajua ni nini kilichoitibu, na ikirudi kuumwa utaanza sifuri.

Hapa ndipo ilipo nafasi ya hewa ya bahari, na ningependa tuitazame kwa makini badala ya kuilaumu kwa mazoea. Chumvi ya kawaida hufyonza unyevu kutoka hewani pale unyevu unapopita asilimia 75 hivi, ikageuka kuwa utando wa maji ya chumvi. Hewa ya Lamu hupita hapo mara nyingi, hasa usiku. Vumbi lenye chumvi likitua kati ya pini ndogo za sloti, linaweza kupitisha umeme mahali usipotakiwa. Ongeza chokaa. Katika nyumba zetu za mawe ya matumbawe, ukuta hupukutika unga mweupe taratibu, na nimeona sloti ya RAM ambayo ndani yake unga huo ulikuwa umelala mstari mzima kama vile mtu ameumwaga kwa kijiko. Sehemu ya dhahabu ya kijiti haishiki kutu kirahisi, lakini dhahabu ya vijiti rahisi ni nyembamba, na uchafu hauhitaji kutu ili uzuie mguso.

Safisha hivi: kijiti kifute kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Angalia chupa. Spiriti ya kusafishia vidonda hutiwa mafuta ya mbarika nyakati nyingine, na mafuta hayo yakibaki kwenye dhahabu umejiongezea tatizo. Wengi hutumia raba ya kufutia penseli. Inang'arisha kweli, lakini inakwangua dhahabu na kuacha makombo ndani ya sloti, mimi siipendi. Sloti ipulizie hewa kavu, si pumzi yako, maana pumzi ina unyevu mwingi. Subiri ikauke, rudisha kijiti, kisukume hadi kishikizo kilie. Kishikizo cha upande mmoja tu hudanganya: bodi nyingi za siku hizi zina kishikizo upande mmoja, na ule usio nacho unaonekana umeingia hali umebaki juu nusu milimita.

Na kama mashine iliundwa Mombasa ikaletwa imekamilika, kabla ya kupima chochote fungua kasha na ubonyeze kila kijiti. Imetikiswa barabarani, ikapokewa na hamali Mokowe, ikarushwa kwenye boti, ikamalizia safari mgongoni kwa punda kwenye vichochoro. Feni kubwa la prosesa lenye uzito wa karibu kilo moja, likining'inia pembeni muda wote huo, linaweza kuivuta prosesa ndani ya soketi yake. Hilo linagusa RAM moja kwa moja, kwa kuwa pini zinazoongea na RAM zimo humo. Ukiona sloti mbili za upande mmoja hazisomi kabisa, toa feni, toa prosesa kwa uangalifu, tazama pini za soketi kwa tochi ya simu ukiinamisha kutoka pande zote. Pini moja iliyolala yatosha. Unaporudisha feni, kaza skrubu kidogo kidogo kwa msalaba, na usizikaze kama unayefunga tairi la lori.

Joto, je? Wengi husema Lamu kuna joto, RAM inaungua. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa maelfu ya kompyuta za Google. Walikuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti hupata kosa ndani ya mwaka mmoja, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na wakakuta joto lina athari ndogo kuliko ilivyozoeleka kusemwa. Hata hivyo vijiti vyao vilikuwa kwenye kasi ya kawaida. Kijiti cha DDR5 kilichosukumwa kwa volti 1.4, ndani ya kasha lililobanwa ukutani, ni habari nyingine. RAM ya leo bado inafuata wazo la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968: kila biti imo ndani ya kapasita ndogo, na kapasita hiyo ni mtungi wenye ufa, lazima ujazwe kabla maji hayajashuka chini ya alama. Katika DDR4 seli zote hujazwa upya ndani ya milisekunde 64, na chipu ikipita nyuzi 85 muda huo hukatwa nusu. Kijiti cha GB 8 kina seli zaidi ya bilioni 68. Mashine ikianguka mchana tu na usiku ikatulia, fungua ubavu wa kasha, elekezea feni la mezani, upime tena. Kipimo hicho ni cha bure.

Umeme nao usisahaulike, ingawa nitapita haraka. Stima inayofika Lamu husafiri njia ndefu ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, na kukatika kwake si habari kwa yeyote. UPS nzuri si anasa kwa aliyetumia pesa kuunda mashine. Hakikisha soketi ya ukutani ina waya wa arthi unaofanya kazi kweli, jambo ambalo nyumba nyingi za zamani hazina. Wanaotumia sola, kama baadhi ya watu wa Kiwayu na Ndau, waangalie inveta: ile rahisi isiyotoa wimbi laini hugombana na pawa saplai nyingi za kisasa, nazo hulia au kuzimika zenyewe. Na BIOS mpya, ambayo mara nyingi huja na marekebisho ya RAM, usiiweke kamwe bila UPS. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, ubao unaweza usiamke tena.

Kuna kesi ambayo hata fundi mzoefu ingempoteza. Kwa muda mrefu watu wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13, kisha cha 14, hasa zile kubwa za i9, walikuwa wakiona makosa yanayofanana kabisa na ya RAM: gemu zinafunga, programu zinalalamika kumbukumbu imeisha, faili zilizobanwa zinakataa kufunguka. Walibadilisha RAM bila faida. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zilikuwa zikipata volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema. Walitoa marekebisho yaitwayo 0x129 mwezi wa Agosti mwaka huo, mengine baadaye, wakaongeza dhamana miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu mpya, hayafufui prosesa iliyokwisha chakaa. Kama una mojawapo, na hasa kama umeinunua ya mkono wa pili, weka BIOS ya karibuni kabla ya yote, na usishangae ikiwa vijiti vyako havina lolote.

Kwa wanunuzi wa mitumba, mawili. Kuna vijiti vya DDR3 vya bei ya chini vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD pekee, kwenye bodi ya Intel haviwaki. Na kuna RAM za seva, kubwa na rahisi ajabu, zenye rejista ndani yake. Ya DDR4 inaingia sloti ya kawaida vizuri kabisa, na mashine haiwaki ng'o. Hizo si mbovu, ni za mashine nyingine.

Kwa nini basi nikazie sana, wakati mashine inaweza kuwa inaanguka mara moja tu kwa wiki? Kwa sababu kuanguka ndilo jambo dogo. Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek, mjini Brussels, alionekana amepata kura 4,096 zaidi ya zile alizopigiwa kweli. Programu ilikaguliwa, kosa halikupatikana. Lakini 4,096 ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani thamani ya biti moja iliyogeuka kutoka sifuri kuwa moja. Mashine haikuanguka. Iliendelea kuhesabu. Ilijulikana tu kwa sababu hesabu ilikuwa haiwezekani.

Lamu ni mahali penye vitu vya kuhifadhi. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na majumbani kuna picha za harusi, video za Maulidi, kanda za wazee waliokwisha kutangulia zilizogeuzwa kuwa mafaili. Kila faili unalonakili hupitia RAM. Biti ikigeuka humo, nakala inaandikwa na kosa lake, na nakala ya nakala hiyo vivyo hivyo. Wapo wanaojiliwaza kwa kusikia kwamba DDR5 hujirekebisha yenyewe. Inajirekebisha ndani ya chipu tu, kosa linalotokea njiani kati ya kijiti na prosesa hailioni. Basi mpaka mashine ipite vipimo, usihamishie kitu kisicho na nakala kwingine, na usiifute asili kwa kuwa "sasa iko kwenye kompyuta".

Ukithibitisha kijiti ndicho kibovu, tuma vyote viwili vya pakiti, maana mwenye duka atakataa kupokea kimoja. Usiivue stika. Piga picha namba za vijiti, ambatanisha picha za Memtest86+, na uandike kwa kalamu kwenye karatasi: kijiti kinachoishia na namba hii kimeleta makosa katika A2 na B2, profaili ikiwa imezimwa, BIOS toleo fulani, mwenzake amepita mara nne katika sloti zote mbili. Fundi akisoma hivyo hawezi kukiwasha dakika mbili na kukirudisha. Vifunge ndani ya mfuko wa kinga uliokuja navyo, si ndani ya pamba au mfuko wa kawaida wa nailoni.

Vipya vikifika, vipime kabla ya kuviamini, usiku mmoja kwa kasi ya kawaida, usiku mwingine ukiwa umewasha profaili. Windows iliyowekwa wakati RAM ina kasoro ifute, uiweke upya kutoka mwanzo, hata kama inaonekana nzima, kwani huwezi kujua ni faili gani lake liliandikwa vibaya. Mashine iinue kutoka sakafuni, isielekee dirisha la ufukweni, na usiiache wiki nyingi bila kuwashwa: joto lake dogo la kila siku ndilo linaloikausha.